Gundi ya Miezi Minane

Kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kilikuwa kimelala juu ya kioo cha nyuma kwa dakika kumi. Fundi Taratibu alikibandua kwa pembe moja, akainama, akaanza kuisukuma gundi kwa kadi ya plastiki. Jina hilo alipewa na wenzake pale kwenye uwanja wa kuoshea magari, kwa sababu hakuwahi kuharakisha kioo cha mtu. Pampu zilinguruma kila upande, madereva walipigiana honi wakigombea foleni, na povu lilitiririka mpaka kwenye viatu vyake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, kama mengine kumi yaliyopita siku hiyo. Muoshaji alilisogeza, akasema tu, "Toa gundi. Mwenyewe anasafiri kesho alfajiri."

Stika ilikuwa imeng'olewa kwa nguvu zamani. Gundi ilibaki, na vumbi likanasa pale pale gundi ilipokuwa. Maji yalipoanza kukauka, vumbi lile likageuka herufi. Taratibu akasoma: CHAGUO LA MOYO WANGU. Mwisho wa maneno palikuwa na ndege mdogo aliyekunja bawa moja.

Kadi ikamponyoka. Ndege yule alichorwa na yeye mwenyewe.

"Fundi, bado tu?"

Sauti aliijua kabla hajageuka. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, gauni la kijani, kitambaa cha manjano kichwani, viatu mkononi kwa kuogopa povu. Ni Mwalimu, aliyekuwa mchumba wake, ambaye kwa miezi minane hakupokea simu yake hata moja.

"Kumbe ni wewe," Mwalimu akasema polepole. "Siku hizi uko hapa?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Ningejua nisingekuja. Nipe ufunguo."

"Ufunguo anao muoshaji. Lakini kioo hiki, jua likikupiga kwa nyuma, kitakuwa cheupe chote. Safari ni ya muda gani?"

"Saa tisa barabarani."

"Na malori njia nzima. Nichukie, Mwalimu, lakini nichukie ukiwa unaona nyuma."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akageuza uso.

Taratibu akaokota kadi. Pembeni mwa herufi gundi ilikuwa imesambaa kama ukoko wa uji.

"Ulitumia petroli," akasema.

"Nilitumia hasira. Petroli ilikuwa karibu."

"Petroli huitandaza tu. Kwanza maji ya moto, halafu mafuta ya kupikia yakae, ndipo wembe, umelazwa, kioo kikiwa kimelowa."

"Sikuja darasani. Fanya kazi yako."

Simu ya Mwalimu ikaita. "Naam, Dada... Nimechelewa kwenye kioo... Hapana, sijala... Dada, mabegi yangu usiyaguse." Akakata.

"Unaenda wapi?" Taratibu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimehamishwa. Shule ya mbali."

Kadi ikasimama kwenye kioo. Maneno aliyoyatunga usiku mwingi, akayapanga na kuyapangua, yakamtoka bila mpango wowote.

"Mimi sikuombi urudi. Nakuomba kosa langu. Miezi minane najiuliza nilifanya nini. Mkanda huu nimeutoboa matundu mawili mapya kwa kukonda. Hata mwizi akipigwa huambiwa ameiba nini!"

Muoshaji wa gari la jirani akazima pampu ili asikie vizuri. Mwalimu akamtazama mpaka akaiwasha tena.

"Unataka kulijua?" Mwalimu akainuka. "Nilikuwa nimepanga foleni ya mafuta. Mbele yangu gari jekundu. Kwenye kioo chake cha nyuma maneno haya haya, herufi hizi hizi, na ndege huyo huyo wako. Ndani mwanamke mzuri anajipaka rangi ya mdomo. Wewe uliyeniapia kwamba ndege yule hayupo kwingine duniani! Niliing'oa yangu pale pale kwa kucha, watu wananiangalia kama kichaa. Halafu unapiga simu, 'hujambo kipenzi.' Kipenzi wa ngapi, mimi au yule?"

Taratibu aliweka kadi chini. "Jekundu? Mimi sijabandika stika yoyote kwenye gari jekundu."

"Basi ilitambaa yenyewe."

Taratibu alijifuta mikono kwenye suruali, akampigia Bonge, mshirika wake wa zamani kwenye duka la stika, akaiweka simu kwenye spika.

"Bonge, ile stika ya pili ya Mwalimu iko wapi?"

"Salamu huna siku hizi?"

"Bonge, nakufa. Iko wapi?"

"Ile ya ndege? Ah, kaka, si nilimbandikia yule mama muuza maua kwenye gari lake jekundu! Ilikuwa inakaa bure. Mume wake alifurahi huyo, akasema sasa mke ataacha kununa. Kwani vipi?"

Taratibu akafumba macho. "Uliitoa bila kuniuliza."

"Stika tu, kaka! Mbona unapumua hivyo?"

Simu ikakatwa. Mwalimu alikunja mikono kifuani. "Mmepanga vizuri. Hata nukta na vituo mmeweka."

Taratibu alikwenda kwenye sanduku lake la kazi, akachomoa faili nene, akalifungua juu ya buti. Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni, na kila mfuko una stika moja na tarehe kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. MTOTO YUMO. HONGERA DAKTARI. MAMA HAFI NJAA.

"Nakata mbili kila mara," akasema. "Ya kwanza ikiingia hewa au ikikunjana, ya pili inaokoa siku. Mteja simwambii, maana anataka kuamini ni moja. Na wewe sikukuambia. Hilo kosa ni langu. Tazama tarehe yako."

Mwalimu alifunua. Alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari, alijua mwandiko wa siku nyingi na ule wa jana. Akafika kwenye mfuko wake. Tarehe ilikuwepo, kwa wino wa siku nyingi. Ndani mtupu.

Alikaa tena kwenye ndoo, safari hii bila kuangalia kama ina maji. Viatu vikamwanguka.

"Ungeniambia," akanong'ona.

"Ungepokea simu."

"Hujui." Alifunika uso kwa viganja. "Sikuhamishwa na mtu. Niliomba mwenyewe. Niliandika barua tatu, nikalia ofisini kwa watu ili wanipeleke mbali, mahali ambapo sitakutana na wewe hata sokoni. Wamekubali. Jumatatu naripoti. Nafasi yangu hapa imeshapata mtu."

Taratibu alichovya kitambaa kwenye mafuta, akakilaza upande wa kushoto. Mikono ndiyo iliyokuwa na pa kwenda.

"Nikimaliza utaondoka," akasema.

"Usinifanyie ujanja wa kuchelewesha. Tafadhali. Leo siwezi kudanganywa tena hata kwa wema."

Basi akafanya kazi ya haki. Alisubiri mafuta yaingie, akalaza wembe, akasukuma gundi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akafuta kwa spiriti, akasugua kwa gazeti. Mwalimu aliinuka bila kuombwa, akawa anamshikia chupa. Gundi ya jua la miezi minane haikutaka kuachia. Saa kumi na mbili mwanga ulipoanza kufifia, nusu moja iling'aa, nusu nyingine bado ilikuwa ukoko.

"Wembe gizani utakwaruza kioo," Taratibu akasema. "Lazima ilowe mpaka asubuhi. Si ujanja."

"Najua si ujanja." Akapiga simu. "Dada, sitoki alfajiri... Kioo hakijaisha... Ndiyo, kioo kimoja... Ndiyo, ni yeye. Usipige kelele, Dada, nitakueleza nikifika."

Taratibu alilaza kitambaa chenye mafuta juu ya gundi iliyobaki, akaanza kukifunika kwa nailoni. Mwalimu alishika upande wa pili.

"Njoo saa moja," akasema Taratibu. "Saa nne kitakuwa tayari."

"Nitakuja."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nitakuwa huko."

"Na mimi?"

"Sijui, laazizi. Bonyeza hapo chini, panavuja."

Neno lilimtoka Mwalimu kabla hajalizuia. Mikono yao yote minne ilitulia juu ya nailoni. Kisha Taratibu akabonyeza pale chini, akakata utepe, akampa mwisho wake aushike.