Kandambili za Mama Ufunguo

Kila alfajiri Bibi aliniita kutoka jikoni, "Mjukuu wangu, kumekucha!" Nami nilikuwa na ujanja wangu. Bila kutoa kichwa ndani ya blanketi, nilinyoosha mkono, nikashika kandambili zangu na kuzigonga sakafuni: kwa, kwa, kwa. Bibi hakuona vizuri, ila masikio yake yalikuwa makali. Alisikia nyayo, akaridhika. Mimi huyo, nikaurudia usingizi.

Shuleni waliniita Mama Ufunguo, kwa kuwa mwalimu alinikabidhi ufunguo wa darasa letu. Nilitakiwa kufungua saa kumi na mbili na nusu ili tujisomee kabla ya kengele. Mara nyingi nilifika mbio, sijachana nywele, lakini nilifika.

Siku ya mtihani wa majaribio kulikuwa na manyunyu. Niligonga kandambili, nikajiambia, "Dakika tano tu." Nilipofumbua macho, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa mbili. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Niliingiwa na hofu, nikajifunika tena gubigubi.

Punde nikasikia uani, "Hodi!" Ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Karibu, mwalimu," Bibi alijibu.

"Tumekuja kumjulia hali mjukuu wako. Tulidhani anaumwa. Wenzake wamesimama kwenye manyunyu mpaka madaftari yamelowa. Huyu rafiki yake amemletea machungwa."

Machungwa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Anaumwa?" Bibi alishangaa. "Mbona nimemsikia akitembea alfajiri? Ameshaondoka zamani." Kisha sauti yake ikaanza kutetemeka. "Basi mtoto wangu kapatwa na jambo njiani! Nipeni fimbo yangu nikamtafute!"

Nikasikia fimbo ikianguka, na Bibi akiipapasa chini. Hapo sikuweza kuvumilia. Nilitoka peku, kandambili mkononi.

"Bibi, niko hapa. Sikutembea. Nilikuwa nikizigonga hizi kwa mkono. Kila siku."

Rafiki yangu aliyaangalia machungwa yake. Bibi akasema taratibu, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa nikizungumza na kandambili."

Ni heri angenichapa. Nililia kwa aibu, nikamrudishia mwalimu ufunguo na kuwaomba radhi wote. Mtihani ulifanyika mchana, nami niliuandika huku nimeinamisha kichwa.

Jioni nilimwambia Bibi ukweli. "Asubuhi natafuta hamu ya kuamka, siioni."

"Hamu haiji kitandani, mjukuu wangu. Unadhani mimi huamka kwa hamu, na magoti haya? Shusha miguu kwanza. Hamu utaikuta mbele ya safari."

Usiku ule niliziweka kandambili jikoni, mbali na mkono wangu. Alfajiri Bibi aliita. Nilishusha miguu kwenye saruji ya baridi, nikaenda mpaka alipokuwa akikoleza moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo ni wewe, au ni zile kandambili?"

Niliuchukua mkono wake, nikauweka shavuni kwangu. Akacheka. Wiki mbili baadaye mwalimu alinirudishia ufunguo, na Bibi akanionya: "Kulala kupita saa ni kosa dogo, mwanangu, huponywa kwa kuamka. Lakini anayekuamini usimdanganye hata kwa mlio wa kiatu."