Filta ya Mashine Yetu ya Kusaga

Mtaani walikuwa wakisema injini ya mashine ya kusaga ya jirani imekufa kwa sababu ya filta ya oili. Sijui nani alishuhudia. Lakini maneno yale yalinikaa kichwani hata nilipokuwa wodini nikimuuguza mtoto wangu mdogo, maana injini kama ile ndiyo inayotulisha.

Binti yangu mkubwa yuko darasa la sita. Tunamwita Chiriku kwa kelele zake. Siku zile hakuwa na wa kumpigia kelele, kwani baba yake yuko kazini mbali. Akitoka shule alijifungulia mlango, akapika kidogo, akala amesimama huku akiongea na sufuria.

Fundi wa mashine yetu alimtuma anunue filta mpya, ili yeye aje kuifunga kesho yake. Chiriku akabeba ile ya zamani, namba 4471, hadi dukani.

"Hiyo imeisha," muuzaji alisema. "Chukua hii 4477. Inaingia, mwanangu, usiwe na wasiwasi."

"Lakini mjomba, namba si ile."

Mwanafunzi mwenzake aliyefuata balbu akacheka. "Jamani, Chiriku siku hizi injinia!"

Akaona haya, akaichukua.

Nyumbani aliziweka mezani, moja kando ya nyingine. Urefu sawa, tundu la kuzungushia sawa. Ila duara la mpira mdomoni mwa ile mpya lilikuwa dogo. Akageuka amuulize mtu, nyumba kimya. Angeweza kunyamaza, fundi aifunge tu. Aliogopa kugombezwa, lakini aliiogopa zaidi injini kufa. Akafunga mlango, akaenda kwa fundi peke yake.

"Shikamoo, fundi. Nadhani nimenunua siyo."

"Marahaba. Hebu nione." Fundi akazipima. "Kweli siyo. Ingeingia vizuri tu, halafu oili ivujie hapa pembeni, injini ikauke. Mama yako angesaga kwa meno?"

Wakarudi dukani, fundi akaomba kitabu cha namba mbadala. Mbele ya 4471 palikuwa na KF 92.

"Mbona hazifanani hata kidogo?" Chiriku akauliza.

"Kiwanda kingine, namba nyingine. Kitabu kinasema hii inashika nafasi ya ile. Hata hivyo, tupime."

Muuzaji akaitoa, wakapima, mpira ukalingana. Muuzaji akabadilisha huku akinung'unika.

Kesho yake injini iliwaka, na chini hapakudondoka hata tone. Fundi akamwambia, "Ukiwa na shaka, sema, mwanangu, hata kama huna wa kukuunga mkono. Wacha wacheke." Kisha akaenda zake. Chiriku akanipigia simu, akanisimulia yote hadi salio likakata.

Basi, wanangu, epukeni haya:

Kwenda dukani bila filta ya zamani.
Kuamini kwamba namba zinazokaribiana ni kitu kimoja.
Kukataa namba tofauti kabla ya kutazama kitabu.
Kusema imetosha kwa sababu imeingia.
Kumficha fundi kosa.