Anayekulilia Ni Nani?

Alhamisi hiyo nilitoka kazini saa kumi na mbili kasoro, nikapita Ukunda kununua matone ya macho. Chupa ya nne ndani ya mwezi mmoja. Mimi nafanya kazi chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani, napiga pasi mashuka kwa mashine kubwa ya mvuke, na joto lake hunipiga usoni tangu asubuhi. Macho yalianza kuwasha, kisha kuchoma, kisha yakakauka kabisa. Nikiyafumba, kope zinakwaruza kama zina mchanga. Nikiyafumbua, ndiyo balaa zaidi. Niliambiwa nipepese macho mara kwa mara, niyakande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikae mbali na upepo. Nilifanya yote. Nilipata nafuu ya robo saa, basi.

Ningevumilia. Lakini mume wangu Garama alikufa.

Alikuwa akichimba kisima huko Kinango, udongo ukamporomokea. Walimtoa siku ya pili. Nilisimama kaburini macho mekundu, makavu, sina hata tone. Na ndani pia sikusikia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa ganzi ya jino: najua linang'olewa, lakini silisikii.

"Kilio huanza mfiwa," wifi yangu Dama alisema kwa sauti, ili wanawake wote wasikie. "Mfiwa wetu huyu mbona anatukodolea tu? Mkavu wa macho huyu. Anajua jambo."

Nilimweleza kwamba ni maradhi. Akacheka.

Waliniruhusu nirudi kazini, lakini mwanangu Viola, wa miaka minne, akabaki kwa bibi yake hadi Jumamosi, siku ya kuanua matanga. Dama hakunificha maana yake. "Ukija Jumamosi na macho hayo hayo, mtoto umsahau. Watu husema mchawi mpe mwana kulea. Mimi simpi."

Mavyaa wangu, Mama Mbodze, mama yake Garama, alisikia yote. Alitazama chini.

Basi ndiyo hiyo Alhamisi. Nililipa, nikatoka nje ya duka la dawa, nikainua uso, nikajitilia matone mawili mawili. Yakateremka mashavuni. Macho yakabaki vile vile.

"Hayo ni maji ya chupa, mwanangu."

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye benchi la nje. Sikuwa nimemwona nilipoingia. Amejifunga leso mpya, miguu imechanika visigino. Lakini macho yake... Lo! Yalikuwa yamejaa pomoni. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, yakadondokea kifuani, wala hayafuti. Na uso wenyewe haukuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume haliliwi kwa maji ya chupa."

Sikuwa nimemwambia kama nina mume, sembuse kufiwa.

Mwadhini aliadhini Magharibi. Bodaboda zilipita, watu walipita na mikate yao, hakuna aliyetutazama. Ningeondoka. Badala yake niliketi. Mkiniuliza kwa nini, nilikuwa nimechoka tu.

"Machozi hayatengenezwi," alininong'oneza. "Yanahamishwa. Hutolewa kwa mtu anayekulilia, ukatiliwa wewe. Sasa niambie. Anayekulilia ni nani?"

Nilifikiri. Wazazi wangu walikufa nikiwa darasa la tano. Ndugu sina. Garama ndiye huyo tumemzika.

"Hakuna."

"Fikiri tena."

"Hakuna, bibi."

"Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho."

"Hakuna anayenililia duniani."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Basi nitachukua kwa huyo huyo."

Nilidhani masikio yake hayasikii vizuri.

Alinishika kidevu. Vidole vilikuwa baridi. Akanipuliza jicho la kulia, akanipuliza la kushoto. Pumzi yake ilinuka udongo... udongo mbichi wa chini kabisa, ule ambao haujaona jua. Nilijua harufu hiyo. Garama alinuka hivyo walipomtoa.

Kisha kitu kikasogea nyuma ya macho yangu.

Tone.

Tone jingine.

Nisiwafiche, nilisikia raha. Mwezi mzima macho yangu yalikuwa yananichoma, na sasa yamekuwa laini, mepesi, yanazunguka bila kukwaruza. Nilikaa pale nikipepesa tu, napepesa, napepesa. Nilipogeuka kumwuliza anataka nini, bibi alikuwa amefumba macho, ameegemea ukuta kama mtu aliyeshiba.

Jumamosi nililia. Nililia mpaka leso ikalowa, mpaka wanawake wakaacha wimbo wao wakaja kunishika. Ndani bado ganzi, sikumlilia Garama hata kidogo, Mungu anisamehe. Macho yalilia peke yao, mimi nimekaa nyuma yake nayatazama. Lakini nani angejua? Dama mwenyewe alinikumbatia. "Nisamehe, wifi," akasema. "Shetani alinipitia."

Jioni wakanipa mwanangu. Nimeshinda, nikajiambia.

Mama Mbodze alitusindikiza hadi barabarani, amembeba Viola mgongoni. Mtoto alikuwa kimya, uso ameulaza begani kwa bibi yake.

"Mwanao huyu alinitesa," mavyaa akasema, kwa upole tu. "Usiku kucha akikulilia. Mama, mama, mama. Hali, halali. Nilishindwa kumbembeleza. Kisha Alhamisi, wakati wa Magharibi, akanyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Tangu hapo hajalia tena. Nikashukuru Mungu."

Nilisimama pale barabarani.

Alhamisi. Magharibi.

Huyo hapo anayenililia. Nilikuwa nimeulizwa mara tatu, na mara zote tatu nilihesabu watu wazima tu.

Viola alipoteremshwa hakunirukia. Alinitazama, akajisugua macho kwa ngumi. "Mama, kuna mchanga," akasema.

Hapakuwa na mchanga. Nilitazama kila asubuhi, nikayakanda, nikamtilia matone yangu mwenyewe. Alianguka akachubuka goti, akafungua mdomo kupiga ukelele, uso ukajikunja wote, na machoni hamkutoka kitu. Siku ya kumi akaanza kukwepa mwanga. Siku ya kumi na mbili niliona utando, mweupe, juu ya mboni ya kushoto.

Daktari wa macho huko Msambweni alimmulika kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole kutoka bara. "Mama, hii sijaiona kwa mtoto wa umri huu," akasema. "Hana machozi kabisa. Jicho linachanika kwa ukavu. Dawa nitakupa, lakini nikudanganye kwa nini? Zikipita wiki mbili hivi hivi, hataona."

Nilimsikiliza huku machozi yakinitiririka, machozi mazuri, ya uvuguvugu. Akanipa kitambaa. Aliniona mama mwenye uchungu.

Jioni hiyo niliteremka Ukunda, Viola mgongoni, nikaenda benchini. Alikuwapo. Nilimwuliza mfamasia kwanza, huyu bibi ni wa wapi? Akachungulia nje, akaniuliza, "Bibi gani?" Kisha akatazama pembeni haraka, akaanza kupanga maboksi yaliyokwisha kupangwa.

"Mrudishie," nilimwambia yule bibi. Sikumwamkia.

"Yale yamekwisha kumwagika. Uliyamwaga matangani, watu wakakusifu."

"Basi chukua macho yangu."

"Ya kufanyia nini? Hayo yalikuwa makavu." Alicheka kidogo, machozi yakamdondoka. "Nitamtilia mtoto mengine. Lakini lazima yatoke kwa mtu, na awe mtu anayekulilia wewe. Ya mtoto huja yenyewe. Mtu mzima umlete hapa, aketi nami. Na safari hii usiniambie hayupo."

"Hayupo."

"Atakuja," akasema.

Nilirudi chumbani kwangu, nikamkuta Mama Mbodze ameketi mlangoni na kikapu cha mihogo. Habari za macho ya Viola zilikuwa zimemfikia Kinango, akaja peke yake, na magoti yake yale mabovu. Alimshika mtoto, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akaona ule utando. Kisha akanitazama mimi.

Akaanza kulia.

"Mwanangu," alisema. "Simlilii huyu, huyu Mungu atamponya. Nakulilia wewe. Mume umezika, sasa na hili. Na sisi tulikusema vibaya, nami nilisikia nikanyamaza. Nakulilia wewe, mwanangu."

Hakuna mtu aliyekuwa amenililia hivyo tangu mama yangu. Machozi ya kizee ni mengi, nyinyi hamjui. Yalifuata mikunjo ya mashavu yake yakaingia shingoni. Nami nilikaa naye mkekani nikayatazama, nikayapima.

Niliwaza. Niseme kweli kwamba niliwaza. Niliwaza kwamba ana miaka sabini na tatu, macho yake yameona ya kuona. Kisha nikawaza nyumbani kwao. Huku kwetu kikongwe mjane, anaishi peke yake, macho yamekauka yamekuwa mekundu... mnajua wenyewe vijana wa kijiji humwita nini. Mnajua huja na nini mkononi. Jirani yake wa ng'ambo ya bonde alizikwa mwaka juzi kwa sababu ya macho tu.

Yote hayo niliyajua. Yalipita kichwani moja moja, na hata moja halikuniuma. Nilingoja liniume. Nilimpa nafasi Mungu mpaka chai ikapoa.

Viola alijigonga kwenye mguu wa kitanda, kwa upande wa jicho la kushoto. Hakulia. Alisimama tu akipapasa.

"Mama," nilimwambia mavyaa wangu, nikamshika mkono. "Kesho jioni nataka kwenda Ukunda kumchukulia mtoto dawa. Utanisindikiza?"

Alijifuta uso kwa upindo wa leso.

"Nitakusindikiza, mwanangu," akasema. "Nitakuachaje uende peke yako?"