Mwano wa Bukundi

Hemed aligonga kwa Hiace yake gunia la dengu la Nyanjige katikati ya soko la Bariadi, akakanyaga mafuta, akatokomea. Nyanjige aliikimbiza ile Hiace, kitenge cha bluu kikimfunguka kiunoni, akimwaga matusi ambayo binti wa Sapiwi hafundishwi nyumbani. Kesho yake muuza spea huyo, mzaliwa wa Pangani, alirudi na kanzu nyeupe na gunia jipya begani.

"Jana niliogopa, mrembo. Nisamehe."

"Ulidhani nitakula?"

"Kwa macho yale? Ulishanimeza."

Nyanjige alicheka bila kutaka, na hapo ndipo alipokwisha. Zikaja simu za "umekula, mpenzi?" na upuuzi wote mtamu wa wapendanao. Lakini kumpeleka kwa baba yake hakuthubutu. Mwanaume aliyekimbia kwa sababu ya dengu, siku ya shida kubwa si atamwacha barabarani? Basi Hemed aling'oa viti vya Hiace, akaweka kitanda, jiko la gesi na pazia la maua, wakashika njia ya Meatu kiangazi kikali, wakae porini wajuane. Nyanjige alijiapiza kwamba wakirudi atampa jibu la ndoa, liwe ndiyo au hapana.

Mchana mmoja karibu na Bukundi, nchi imekauka hadi nyasi zinakatika mkononi, Hemed alikuwa akikaanga mayai pale yowe lilipopasuka mbugani. Likajibiwa kushoto, likajibiwa na mbele.

"Mwano huo," Nyanjige akasema. "Ng'ombe wameibwa. Zima gesi, tuwafuate wezi."

"Tuwafuate wapi? Panda gari!"

"Hemed, mwano ukipigwa unakwenda na wenzako. Anayekimbia ndiye mwizi!"

Hakusikia la mtu. Alimvuta ndani, akakanyaga mafuta vilevile kama siku ya dengu.

Hawakufika mbali. Wanaume walichomoka vichakani na fimbo, mapanga na mikuki. Jiwe lilivunja kioo, vipande vikamchana Nyanjige kwenye paji la uso. Tairi lilichomwa mkuki, gari likayumba na kusimama. Hemed aliburutwa nje kwa kola. Fimbo ya kwanza ilimvunja mkono, na Nyanjige alisikia mfupa ukilia. Ya pili ilimpasua kichwa, kanzu ikalowa damu hadi kifuani.

"Na mwanamke wake mtoeni!"

Waliokuwa wamemshika Hemed waligeukia gari. Kichaka kilikuwa hapo hapo nyuma ya Hemed, na miguu yake ilikuwa mizima. Nyanjige alimwona akikitazama, moyo ukamfa. Kisha Hemed alijitupa mlangoni mwa gari, akaukinga kwa mgongo.

"Nipigeni mimi! Yeye aliniambia nisimame!"

Walimpiga kweli. Nyanjige aliruka juu yake, fimbo iliyomlenga Hemed ikatua begani kwake, akapayuka kwa Kisukuma, "Mume wangu! Mimi binti wa Bujiku wa Sapiwi! Huyu ni mtu wa pwani, hajui mwano!"

Salu, kiongozi wao, aliinua mkono. Alichungulia ndani ya gari, akaona kitanda, pazia na mayai yaliyomwagika. Kabla hajasema, yowe likaja kutoka mtoni: ng'ombe wameonekana.

"Mfunge mumeo kidonda," Salu alisema. "Na umfundishe." Wakaondoka mbio.

Nyanjige alichana kitenge cha bluu, akamfunga mkono na kichwa.

"Umesema mume wangu," Hemed alinong'ona.

"Nilikuwa nakuokoa roho, mjinga wewe."

"Sasa nani atakwenda kuwaambia wale watu kwamba umewadanganya? Mimi siendi. Bora tuoane tu."

Nyanjige alicheka na kulia kwa pamoja, akamfuta damu mdomoni, akambusu. Kisha akatoa simu.

"Baba, shikamoo. Nakuletea mgeni, tunayetaka kuoana naye. Ila ameumizwa, mkono umevunjika."

"Marahaba, mwanangu. Ameumizwaje?"

Alimtazama Hemed aliyeegemea mlango ule ule.

"Alikataa kukimbia, baba."