Sikio Halizoei

Siku Swalehe alipogongwa na basi, mashine yake ya kusaga ilizimwa, na mtaa mzima pale Same ukasikia ndege. Dereva alikuwa amepiga honi mara nyingi. Swalehe alivuka barabara bila kugeuka.

Matangani watu walikaa jamvini wakizungumza taratibu. Habibu tu, mdogo wa marehemu aliyesaga naye miaka yote, ndiye aliyepaza sauti.

"Habibu, mimi niko hapa, siko kule Mwanga!" mzee Yunus akamtania.

Watu wakacheka kidogo. Salha, mke wa Habibu, hakucheka. Alikuwa nyuma ya mumewe na kikombe cha kahawa. Alimwita. Akamwita tena. Habibu hakugeuka.

Salha akazikumbuka honi za lile basi. Matanga yakiisha, Habibu ndiye atakayewasha ile mashine.

Jirani yao Careen, nesi, alipokuja kutoa pole, Salha alimweleza yote. Careen akakaa na Habibu uso kwa uso.

"Shemeji, masikio yanakuvumia?"

"Zamani, kila jioni. Sasa yameshazoea."

"Sikio halizoei kelele. Linakufa polepole."

Habibu akasema, "Basi tuhamie kwenu milimani, kwenye kimya."

"Kimya cha enzi za bibi! Siku hizi kuna misumeno ya mashine inayopasua mbao, na maspika ya harusi. Hapa mjini kuna honi, muziki wa baa, na pikipiki zilizotobolewa ekzosi ili zingurume. Kote masikio yanaumia."

"Nikiziba kwa pamba?"

"Pamba haitoshi. Tafuta vikinga vya kufunika sikio lote. Toka nje upumzike mara kwa mara. Wateja na watoto wasisubirie ndani. Na uende hospitali ukapimwe."

"Nitapona?" Habibu akauliza.

"Lililokufa halirudi, shemeji. Tulinde lililobaki."

Habibu alipimwa, akanunua vikinga. Kabla ya kuwasha mashine alimwita fundi akaze bolti zilizolegea na kubadilisha ekzosi iliyotoboka. Akajenga kibanda cha wateja mbali kidogo, chini ya mwarobaini. Mwanzoni vijana walimcheka kwa vikinga hivyo: "Rubani huyo!" Yeye alivivaa akaendelea kusaga.

Sasa Salha akimwita kutoka upande wa kulia, Habibu huitika. Sikio la kushoto halisikii tena. Wakivuka barabara, Salha hutembea upande huo.