Nakupenda Bado, na Sitaolewa Nawe

"Uondoe huo wimbo kwenye stetasi yako kabla ya maombi," Dada Susan, kiongozi wa kundi letu la maombi, aliniambia kwa simu. "Watu wananiuliza unaimba kwa lugha gani."

"Kijapani, Dada."

"Kijapani kimetoka wapi hapo Aziziya?"

Nikamweleza. Kimetoka kwa Lujain, binti mkubwa wa madam ninayemfanyia kazi za nyumbani, anayesoma chuo kikuu hapa Jeddah. Ametazama katuni za Kijapani tangu utotoni hadi lugha yenyewe ikamwingia. Tukiwa jikoni tukijaza sambusa, huweka nyimbo na kunitafsiria kwa Kiarabu chepesi ninachokielewa. Nyingi ni za watu walioachwa. Katika wimbo mmoja mwanamke anaendelea kupika chakula cha wawili. Katika mwingine mwanamume anashuka kwenye kituo cha treni ambako hana shughuli yoyote, kwa sababu tu mpenzi wake wa zamani alikuwa akikaa mtaa ule. Hakuna anayemlaani mwenzake, wala hakuna anayejidai amepona.

Niliwahi kumuuliza Lujain kama kuna yeyote kati yao anayemrudia mpenzi wake.

"Mafi," alinijibu, yaani hakuna. "Wanaimba, halafu wanaenda kazini."

Sasa Dada Susan alitaka kujua ule nilioimba mimi unasema nini. Nikamwambia ni mwanamke anayekiri kwamba bado anampenda mtu aliyemwacha.

"Basi kuna mtu ameuelewa bila tafsiri," alisema, akakata simu.

Ujumbe wa Josphat ulikuwa umeshaingia.

"Moni nimesikia ule wimbo. Sijui hata neno moja lakini najua ni mimi. Nimelia. Leo kwa maombi usikose, tafadhali."

Josphat ni dereva kule Riyadh. Tulikutana Nairobi tukingoja safari ya kuja huku, na kabla hatujaondoka wazee wake walikuja kwetu Mwingi kubisha hodi. Walisema mbuzi wa ntheo watafuata. Kwetu Ukambani, mbuzi hao wakishapokelewa, msichana amekuwa wa watu. Mbuzi hawakuja. Simu zake zilianza kupungua, kisha zikakatika. Asubuhi moja nikaona picha yake na Beverly, msafishaji wa hospitali huko huko Riyadh, pete ikiwa kidoleni mwa dada wa watu. Hakuniambia. Niliona kama wengine wote walivyoona.

Tangu hapo nilikuwa nikimwomba Mungu amtoe huyu mtu moyoni mwangu. Nilifunga, nikakesha, nikaombewa. Hakumtoa. Nyimbo za Lujain ndizo zilizonifanya nijiulize kama kweli nilikuwa nikiumwa ugonjwa wowote.

Ijumaa hiyo alasiri nyumba nzima ililala baada ya chakula. Nikajifungia chumba cha kufulia, nikaingia kwa simu kwenye kundi letu la maombi, Wakenya wa Riyadh na wa Jeddah pamoja. Dada Susan alifungua kwa sala, kisha akasema leo Ndugu Josphat ana ushuhuda.

Alikuwa Batha, mahali pa kupandia mabasi. Nilisikia honi nyuma yake. Alisema yeye na Beverly waliachana, naye Beverly ameshaolewa nyumbani. Alisema alinikosea na ametubu. Pete iko mfukoni, na nikikubali atapanda basi la Jeddah muda huo huo.

Kisha akaunganisha simu nyingine, nikasikia sauti ambayo haikuwa ya kundi letu.

"Monicah."

"Mama?"

"Ni mimi. Wazee wa Josphat wako hapa. Wamefika na mbuzi."

Nyuma yake mbuzi mmoja alilia, kana kwamba ameulizwa.

"Mama, mimi sikuambiwa."

"Waliniambia ninyi wawili mmeshapatana. Lakini mbuzi hatuwapokei mpaka binti aulizwe. Ndiyo nakuuliza."

Nikakaa juu ya kapu la nguo.

"Moni, sema tu," Josphat alisema. "Mtu hawezi kuimba vile kama amesahau."

"Ni kweli. Sijasahau."

"Bwana asifiwe," akaitikia Danson, mlinzi mmoja wa Riyadh, na wengine wakaanza kupiga vigelegele.

"Ndugu Danson, ngoja kwanza nimalize." Nikavuta pumzi. "Josphat, nakupenda hata sasa. Akipita mtu nje anayecheka kama wewe, mkono wangu unasimama ndani ya sinki. Nimemwomba Mungu aniondolee, hajaniondolea, na nimeacha kumsumbua. Lakini sitaolewa nawe."

"Kama unanipenda, unazuiwa na nini?"

"Na wewe. Ulinyamaza mpaka picha ikaniambia. Nikiwa mke wako nitaishi nikingoja picha nyingine."

"Nimetubu mbele ya watu hawa wote."

"Nami nimekusamehe mbele yao hao hao. Msamaha si posa."

Dada Susan aliingilia. Alisema nisiufanye moyo kuwa mgumu, kwamba imeandikwa upendo huvumilia yote.

"Amina, Dada. Huu upendo ni mimi ninayeuvumilia, na ninauweza. Yeye hahitajiki."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Basi ule wimbo ulikuwa wa nani?" Josphat aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na nakiri iliniuma.

"Wangu."

Honi za Batha ziliendelea kulia.

"Mama," nikasema, "wape wazee chai, wale washibe, kisha warudi na mbuzi wao. Nisamehe kwa aibu hii."

Niliwazia wageni wamekaa pale uwanjani wakimtazama Mama, na majirani waliokuja kuona mbuzi wakishushwa. Nilijua anapenda sana niolewe. Nikaanza kuomba kimya kimya asilie.

"Wazee mmesikia," alisema hatimaye. "Chai iko jikoni." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ile ile ya kutangaza. "Monicah, kabla ya baba yako nilimpenda mtu. Hakunioa. Siku moja alirudi kunitaka, nikamkatalia. Sijamsahau mpaka leo, na nimezaa, nimelima, nimemtumikia Mungu, sikupungukiwa na kitu. Kaa hivyo hivyo, mwanangu."

Kisha kutoka Mwingi, kwa mbali, nikasikia sauti ya baba.

"Nani huyo?"

"Baba Monicah, nyamaza, watu wako kwa maombi," Mama alisema. "Dada Susan, tufungie na sala."