Njoo Bila Neti

Jumamosi asubuhi, mwaka 2005, soko la Mbarara, Uganda, lilikuwa limefurika. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, na katikati ya rundo moja Chantal alikuwa amevuta pazia jeupe la maua. Pazia halikuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na kijana mwenye shati la buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, bisibisi mfukoni.

"Achilia, kaka. Nimelishika mbele yako."

"Dada, wewe umeshika upindo. Mimi nimeshika pazia lenyewe."

"Uko na madirisha ngapi?"

"Hata moja. Niko na radio na simu za bantu, za watu wanaoniletea nitengeneze. Vumbi ya hapa inaziua."

"Basi funikia gunia. Hili ni la kushona nguo ya arusi."

"Arusi ya nani?"

"Ya mtu."

"Kama si yako, ninaachilia. Kama ni yako, siachilii mpaka nimwone huyo bwana."

Mwenye mitumba, mama Mnyankole mnene, aliwapigia makofi. "Nyinyi wawili! Nunueni, ama mwende muoane mbali. Mnanizibia wateja!"

Chantal alicheka. Alikuwa amevaa kitenge cha njano alichokishona mwenyewe, kikimkaa kiunoni kama kilichozaliwa naye. Kijana aliachilia pazia. Kisha, bila kuombwa, alimbebea furushi mpaka mahali magari ya Nakivale yanapopakia, akalipangusa vumbi kwa mkono kabla ya kulipandisha. Hilo la kupangusa ndilo lililomwingia Chantal moyoni.

Jina lake lilikuwa Parfait Byamungu. Alikuwa Mushi kwa kabila, mkimbizi wa Kivu Kusini kama yeye, ila alipanga chumba mtaa wa Ruharo mjini na kutengeneza simu pembeni ya soko. Chantal aliishi Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na ziwa, pamoja na mama yake Kanyange na mdogo wake wa miaka sita, Isimbi. Alishona magauni ya arusi kwa mapazia ya mitumba, na wasichana wa kambi waliyavaa kwa fahari.

Basi simu zikaanza. Bip moja, simu ilie mara moja na kukatwa, maana yake nakuwaza. Bip mbili, piga, niko na neno.

"Allo, sheri. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Mwongo we! Nenda ununue ndizi."

Mama Kanyange alisikia vicheko hivyo kupitia ukuta wa udongo. Alikuwa mjane, mtu wa jamii ya wafugaji wa ng'ombe, na vita vilichukua mume na zizi lote kwa wakati mmoja.

"Huyo ni nani?"

"Ni Parfait, mama. Mushi wa Mbarara."

"Ana ng'ombe?"

"Ana radio."

"Radio inakamuliwa?"

Isimbi aliangua kicheko mpaka akajikunja kwenye mkeka, na mama akageuza uso ili asionekane akitabasamu.

Mvua za masika ziliponyesha, Parfait alikuja Rubondo Jumapili moja, akakaa mpaka jua likazama na mbu wa ziwani wakaanza kuimba. Wiki mbili baadaye alikuwa anatetemeka chumbani kwake kama radio mbovu. Majirani walimpeleka kwenye zahanati moja ya mjini ambako watu wa utafiti walikuwa wakilinganisha dawa za malaria. Siku ya tatu alikuwa amerudi kwenye simu zake, anapiga mluzi.

"Nimepona, mupenzi," alimwambia Chantal kwa simu. "Lakini muuguzi Kabanda anataka nirudi kila juma anichome kidole."

"Juu ya nini, kama umepona?"

"Anasema dawa imeua vile vidudu vilivyonichemsha. Lakini imebakiza vingine, vya kiume na vya kike. Hivyo haviniumizi. Viko mu damu vinangoja mbu aninyonye, halafu mu tumbo ya mbu ndimo vinaoana."

"Vinaoana?"

"Ndiyo! Hata vidudu viko na arusi, sisi bado. Halafu mbu anapeleka watoto wao kwa mtu mwingine. Kabanda anataka kujua dawa gani inavibakiza vingi, na gani inavipunguza. Mpaka viishe, amesema nilale mu neti. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya wengine."

Chantal alicheka mpaka machozi. Alimwita bwana arusi wa vidudu kwa siku nyingi.

Lakini mama mmoja wa Rubondo, muuza vitunguu, alimwona Parfait mara mbili akitoka zahanati ile huku ameshika kidole. Alirudi na habari, akazipima kwa kila mlango kama anavyopima vitunguu. Mtu mwenye nguvu zake, anatolewa damu kila juma? Sote tunajua ugonjwa gani unafuatwa hivyo. Ni SIDA, ule UKIMWI.

Mama Kanyange hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwambie aje. Ng'ombe wa mahari hana, basi alime badala yake. Mtu mwenye SIDA hatamaliza shamba langu kwenye jua hili."

Parfait alifika na mkoba mmoja. Chantal alimpokea chumba cha mbele, chumba alimolala Isimbi. Nje, chini ya dirisha lisilo na kioo, Mama Kanyange alikuwa akichambua maharage ya mbegu. Parfait alitoa chandarua kipya, cheupe, bado kina mikunjo.

"Nitafunga hapa kwenye boriti."

"Rudisha ndani!" Chantal alinong'ona. "Haraka!"

"Kabanda amesema..."

"Kabanda hakai Rubondo. Hapa hakuna mwenye neti. Mwanaume mwenye nguvu, ulale peke yako mu neti kama mtu wa hospitali, na wanasema vile wanavyosema? Mama atanikatalia leo leo. Uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa. Lakini vile vidudu..."

"Wewe na vidudu vyako! Parfait, nilikuambia kwa simu njoo bila neti. Mbona umeileta? Kama unanipenda, iache mu mkoba."

Parfait alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayejua jibu sahihi na anayependa lisilo sahihi. Akakirudisha chandarua mkobani, akafunga zipu.

Alilima. Alilima shamba lote la maharage, ngozi ya viganja ikachubuka, na kila jioni Isimbi alimletea maji kwenye kikombe cha bati akamhesabia malengelenge. "Leo umezaa mapacha," alimwambia. Walilala mikeka sambamba, mtoto huyu na mgeni wake, wakisimuliana mambo ya radio mpaka usingizi uwachukue. Mbu waliingia dirishani, wakala kwake, wakatoka.

Siku ya mwisho Mama Kanyange aliweka mbele yake chupa ya maziwa. Alikuwa amemtuma mtu hadi kijiji cha Masha kuyanunua, ingawa hakusema.

"Kunywa. Yataharibika."

Parfait alikunywa.

"Leta wazee wako," mama alisema, akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Chantal alitoa pazia jeupe sandukuni jioni ile ile, akaanza kulikata. Parfait alirudi Mbarara mbio hata akausahau mkoba wake nyuma ya mlango. Bip zilikuja mpaka betri ya simu ikaisha.

Mwezi ulipita. Gauni lilikuwa na mikono na kiuno, bado upindo, Isimbi alipokataa uji. Adhuhuri mwili ulikuwa moto, na kesho yake shingo haikushika kichwa. Mvua ilikuwa imekata njia ya gari. Mama Kanyange alimfunga mgongoni kwa kitenge akatembea kuelekea kituo cha afya, Chantal mbele yake akipasua matope kwa miguu. Mzee mmoja wasiyemjua aliwashikia mwavuli kipande kirefu cha njia, yeye mwenyewe akilowa. Karibu na kituo, mama alisimama.

"Chantal. Amekuwa mzito."

Chantal aligeuka. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa vizuri. Isimbi alikuwa amekwisha kwenda.

Kituoni walisema ni malaria. Hakukuwa na kitambaa kingine cheupe nyumbani. Chantal alichukua gauni lake la arusi, akafumua mikono, akampimia mdogo wake gauni la kuzikiwa. Alishona bila kulia, maana machozi yangeacha alama.

Parfait alikuja matangani na shati lile la buluu. Alipopiga magoti mbele ya mama, yule muuza vitunguu alisema kwa sauti ya kusikika, "Si huyu anayetolewa damu mjini? Amewaletea nini?"

Mama Kanyange aliinua uso.

"Parfait. Uko na nini mu damu?"

"Si SIDA, mama. Ni malaria. Ilipona, lakini ilibakiza mbegu zake. Mbu akiniuma, anaweza kuzipeleka kwa mwingine."

"Walikuambia ufanye nini?"

"Nilale mu neti."

"Ulilala hapa kwangu. Ulilala mu neti?"

"Hapana, mama."

"Juu ya nini?"

Chantal alisimama karibu na mlango, mikono imeshika mwimo. Neno lilikuwa kinywani mwake, zima, limekamilika. Alingoja Parfait amtazame. Hakumtazama.

"Ni kichwa yangu tu," Parfait alisema. "Niliona haya."

"Umekula kwangu," mama alisema polepole. "Umekunywa maziwa yangu. Umelala na mtoto wangu fasi moja, chumba kimoja, na ulijua. Toka. Usiguse tena mlango huu."

Aliinuka, magoti yake yakiwa na udongo, akatoka. Na Chantal alimeza neno lake.

Usiniombe nimhukumu Chantal. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kaburi lilikuwa bado bichi.

Alipiga simu baadaye. Alipiga kila siku. Mara moja tu Parfait alipokea.

"Nilimuuliza Kabanda kama ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Amesema Nakivale kuna mbu mingi na wenye malaria mingi. Hakuna anayeweza kuniambia ni mimi. Wala hakuna anayeweza kuniambia si mimi. Nitaishi na hiyo."

"Parfait, ningesema..."

"Usiseme. Mama yako amebaki na wewe tu. Nikuombe kitu kimoja, sheri, usinibip tena. Kila simu ikilia ninasikia mtoto akihesabu malengelenge yangu."

Maharage aliyoyapanda Parfait yalikomaa, yakavunwa. Hakuna aliyemtaja. Wawili hao, mama na binti, walikaa uani wakichambua, wakitoa mawe na yaliyooza. Chantal alikuwa amekonda mpaka kitenge cha njano kilimzunguka mara mbili. Mkono wake ulisimama katikati ya ungo.

"Mama. Ile neti, ni mimi nilimkataza. Alitaka kuifunga. Nilimwambia kama ananipenda aiache."

Mama Kanyange aliendelea kuchambua.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa chini ya dirisha. Nilisikia yote. Na mimi nilinyamaza, maana hata mimi niliogopa midomo ya bantu."

"Basi mbona ulimuuliza mbele ya watu?"

"Nilitaka nione kama atakutaja. Hakukutaja."

"Na ukamfukuza!"

"Nilikuwa na wasichana wawili." Mama aliokota jiwe, akalitazama, akalitupa. "Mmoja nilimzika. Mtu alihitaji kutoka mu nyumba hii, Chantal, ama sisi wawili tungekulana. Nilichagua yule aliyekuwa na fasi ya kwenda. Sasa umesema. Nitakutazama namna gani kila asubuhi?"

Akabeba ungo akaingia ndani.

Asubuhi Chantal alikuta juu ya cherehani yake mkoba wa Parfait. Ulikuwa umefuliwa. Ndani yake kilikuwa kile chandarua, mikunjo yake ya kwanza bado ipo.

"Mpelekee kitu chake," mama alisema kutoka jikoni.

"Nirudi lini?"

"Sikusema urudi."

Chantal alifungua mkoba tena. Ndani, chini ya chandarua, palikuwa na mahindi mawili ya kuchoma, bado ya moto.

Alimkuta Parfait mezani kwake pembeni ya soko, simu imefunguliwa mbele yake. Ndevu zilikuwa zimemwota. Aliona mkoba kwanza, kisha mwenye kuubeba.

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Alikuwa anajua."

Parfait aliweka bisibisi chini. Wateja wawili walikuja, akawaashiria waondoke.

"Nimekuja bila gauni," Chantal alisema. "Unajua lilikwenda wapi. Na sina mzee wa kunisindikiza. Kama hunitaki, niambie sasa, magari ya jioni bado yapo."

"Umekula?"

"Nina mahindi mawili."

"Moja ni langu?"

"Mama hakusema."

Walikwenda Ruharo kwa miguu. Chumbani palikuwa na kitanda kimoja na misumari minne ukutani, mitupu. Parfait alifungua chandarua, kikajaa chumba chote kwa weupe wake, akashika pembe moja na kumpa Chantal ya pili.

"Shika upande wako," alisema. "Safari hii usiachilie."

Walifunga ndoa kwa mchungaji wa Kaberebere, Chantal amevaa kitenge cha njano alichokipunguza kiunoni. Mama Kanyange hakuja. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alipozaliwa, walimpelekea habari. Hakujibu. Simu waliyomnunulia aliirudisha kwa mkono wa dereva, bado iko kwenye boksi lake.

Ila kila mwisho wa mavuno, hadi mwaka juzi mama alipofariki, gari la Nakivale lilishusha gunia mlangoni kwao Ruharo. Halikuwa na salamu wala jina. Yalikuwa maharage ya lile shamba. Chantal aliyamwaga kwenye ungo ayachambue kama wanawake wote wanavyofanya, na kila mwaka alikaa na mikono mitupu mapajani, maana yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa, hayakuwa na jiwe hata moja.